Zaka, Sindano na Kijana Anayerudi Mtaani

Pesa ya msikiti iende kwa teja? Swali hili nimelisikia mara nyingi barazani Mombasa, hasa Ramadhani inapokaribia na watu wanapopiga hesabu ya zaka. Wanaokataa si watu wabaya. Mmoja ni mama ambaye masufuria yake yaliuzwa na mwanawe mwenyewe, mwingine ni mwenye duka aliyevunjiwa mara tatu. Yatima wapo, wajane wapo, na huyu wa unga, yaani heroini, wanasema, alijitakia.

Pingamizi la madaktari na watetezi wa haki, dhidi ya vituo vya dini vinavyopokea waraibu, ni zito zaidi. Uraibu wa heroini ni maradhi, hautoki kwa dua peke yake. Septemba 2019 polisi wa Nigeria waliingia katika nyumba moja mjini Kaduna iliyojiita chuo cha Kiislamu cha kurekebisha tabia, wakawatoa mamia ya wanaume na watoto, baadhi yao wakiwa na minyororo miguuni. Wengi walipelekwa pale na jamaa zao. Jambo kama hilo halifunikwi kwa kuwa waliolifanya wanataja jina la Mungu. Kituo kisicho na daktari wala mkaguzi hakistahili hata shilingi moja ya muumini.

Ila dhambi ya Kaduna tusiitwike Mombasa. MEWA, jumuiya ya Kiislamu iliyoanza hapa miaka ya 1980 na inayojulikana pia kwa maktaba yake, iliwapokea waraibu wakati milango mingi imefungwa. Mpango wa sindano safi ulipokuja Pwani, takriban 2013, baadhi ya viongozi wa dini waliupinga vikali wakisema ni kuhalalisha haramu. MEWA ikawa miongoni mwa waliozigawa. Hesabu za wakati ule zilionyesha kwamba katika kila Wakenya 100 wanaojidunga, 18 walikuwa na virusi vya Ukimwi, ilhali kwa watu wazima kwa jumla walikuwa kama 6. Hiyo 18 hainitoki kichwani. Chukua vijana watano maskani wanaopokezana sindano moja: uwezekano kwamba yumo mwenye virusi unapita nusu. Na vijana hao wana wake nyumbani, na wake hao wanapata mimba. Aliyegawa sindano alikuwa akimlinda mtoto ambaye hajazaliwa, na kulinda nafsi ni jambo la dini kabla halijawa la wizara.

Methadoni nayo, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, ilianza kutolewa Kenya Desemba 2014, katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata ikafika Malindi. Naiunga mkono bila kusita. Mgonjwa hufika kila siku, hunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, huondoka. Ikishafika saa nne asubuhi ameshamaliza, na siku nzima iko mbele yake. Siku ya mraibu ilikuwa na ratiba yake: arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, inamwamsha, anatafuta pesa, anatafuta kete, anatulia kidogo, arosto inarudi. Ukiiondoa ratiba hiyo inabaki tupu, na utupu huo ndio unaomrudisha maskani. Kituo cha dini kinampa siku iliyogawika upya: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, na kila wakati kuna mtu atakayeuliza mbona hakuonekana. Dawa hutuliza mwili. Hiyo kazi nyingine haimo ndani ya chupa.

Siku ninayoihofia kuliko zote ni ile ya kutoka kituoni. Kijana aliyekaa miezi bila unga mwili wake umeshausahau. Akirudia kipimo kile kile alichokizoea zamani, pumzi inaweza kukatika. Hatari ni kubwa zaidi akiwa ametoka akiwa msafi, yaani pale pale ambapo familia inashukuru na kituo kinajisifu. Kwa hiyo mchango unaoishia kwenye magodoro na unga wa ugali umefika nusu ya njia. Unahitajika ujira kwa anayetoka, fundi seremala atakayempokea, na jirani atakayekubali kumwacha peke yake dukani kwa dakika tano.

Kuhusu zaka, aya ya 60 ya Surat Tawba imetaja mafungu manane, wakiwemo maskini, wenye madeni na wanaokombolewa utumwani. Kama mraibu anaingia humo, masheikh na waamue. Sadaka haina mipaka hiyo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake tuliona huduma za Ukimwi zikiyumba ndani ya wiki chache. Shilingi ya Ijumaa haingoji sahihi ya Washington.

Tutoe basi, na tudai: daktari awepo, hesabu zisomwe hadharani baada ya swala, methadoni isizuiwe, wanawake watengewe mahali pao, maana wao hujificha zaidi na hufa zaidi kimya.

Mwaka jana, katika msikiti wetu, kijana mmoja aliyetoka kituoni aliingia kuswali adhuhuri. Wanaume wawili walitoka safu ya nyuma, wakaenda kuchukua viatu vyao mlangoni, wakaviweka mbele yao. Aliwaona. Siku ya pili alikuja tena, na ndara zake akaziacha nje ya geti, mbali kabisa na viatu vya wenzake.