Deraya ya vipete tunaionea bure

Kuna kitu kinanikera kila nikiangalia muvi za mapanga. Jamaa kavaa deraya ya vipete, yaani nguo ya vita ya pete ndogondogo za chuma zilizosukwa pamoja, toka kichwani mpaka magotini, anapigwa upanga mmoja wa tumbo, chali. Sasa kama ilikuwa inachanika kirahisi hivyo, watu wa kale walikuwa wajinga kubeba kilo 10 na ushee za chuma juani miaka yote hiyo? Waselti, watu wa kale wa Ulaya, walikuwa nayo tangu kama karne ya 3 kabla ya Kristo, Warumi wakaiona wakaiga wakawavalisha askari wao, ikaenda mpaka Uajemi, India, Sudan.

Mi mwenyewe nilikuwa naichukulia poa mpaka nilipojaribu kutengeneza. Nilichukua waya wa kufungia nondo uliobaki kwenye ujenzi, nikauzungusha kwenye kipande cha nondo ya milimita 10 mpaka ukawa kama springi, nikakata upande mmoja kwa plaizi, vipete vikadondoka. Halafu kila kimoja unakipitisha kwenye vinne vya jirani. Jioni nzima, vidole vimechubuka, macho yanauma, nikapata kipande cha kutosha kiganja, wakati nguo nzima inakula vipete 20,000 na kuendelea! Nikakivuta kwa nguvu kujaribu, vipete vikaachia mdomo kimoja baada ya kingine kama vifungo vya shati la mtumba.

Hapo ndo nikaelewa kwamba ujanja wote upo kwenye kufunga. Fundi wa zamani hakuacha mdomo wazi, ncha mbili za waya alizipondaponda zikawa bapa, akazilaza moja juu ya nyingine, akatoboa katundu, akapiga ribiti, yaani kamsumari kafupi kanakopondwa ili kashike, kadogo kama mbegu ya mchicha. Ribiti moja kwa kila kipete, maelfu kwa maelfu! Kwenye Surat Saba, aya ya 10 na 11, Nabii Daud analainishiwa chuma, anaamrishwa atengeneze deraya na apime vizuri katika kuunganisha. Nimeisoma mara ngapi sijui, na nilikuwa napita tu. Nilipomsimulia rafiki yangu Mkristo akacheka, akasema kwao Daudi huyohuyo alivalishwa mavazi ya vita na Sauli akayavua maana hajayazoea, akaenda na kombeo lake.

Sawa, haikuzuia kila kitu. Rungu linaweza kukuvunja mbavu bila kipete hata kimoja kukatika, ndo maana ndani walivaa vazi nene la matabaka ya kitambaa, na huo mchanganyiko ndo ulikuwa balaa. Mwaka 1191, jeshi la Msalaba, Wakristo kutoka Ulaya, likielekea Arsuf huko Palestina, Bahauddin ibn Shaddad, mtu wa Sultani Salahuddin kabisa, yaani adui yao, aliandika kwamba aliona askari wa miguu wana mishale imewachoma mgongoni, mwingine mpaka 10, na bado wanatembea tu na safari yao.

Halafu kuna mji wa Visby, kisiwani Gotland, Sweden ya leo, 1361. Wakulima wa pale walichinjwa na jeshi la Wadenmark wakazikwa harakaharaka, na makaburi yalipoanza kufukuliwa 1905 mafuvu mengine yalikutwa bado yamevaa kofia zao za vipete. Mifupa mingi ina alama za kukatwa miguuni, na mi naona hiyo inasema kitu, adui anapiga pale ambapo hakuna chuma.

Bunduki ndo hadithi nyingine. Omdurman, 1898, kulikuwa na wapanda farasi wa Sudan waliokuja na deraya zao mbele ya mizinga na bunduki za Maksimu, zile za kumimina risasi mfululizo, za Waingereza, na hapo hata ribiti ya Nabii Daud isingesaidia.

Kipande changu mama amekichukua anasugulia sufuria. Ukoko unatoka vizuri kwa kweli, ila na vipete navyo vinatoka, juzi nimekuta kimoja kwenye wali.