Fundi alinipanulia njia ya hewa mpaka ikakutana na ya maji

Jamani leo ndo nimepata moyo wa kuisimulia hii, maana mwanzoni mtu akitaja tu neno hedi, kile kichwa cha juu cha injini, nilikuwa nahama kiti.

Nina Toyota Altezza, ile ya manyuali yenye injini ya 3S-GE, silinda nne valvu kumi na sita. Mjapani mwenyewe aliitoa kiwandani na hosipawa 210 bila tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada. Mtu mwenye akili timamu anaishia hapo, anaweka mafuta anaenda kazini. Sasa mtaani kwetu Temeke kuna dogo ana Subaru ya tabo, kila akinipita pale Uhasibu anapiga honi mbili. Moja ningevumilia. Anapiga mbili.

Nikaanza kuangalia video usiku mke wangu akilala. Nikaelewa kwamba injini ni pampu ya hewa tu, ikivuta hewa nyingi na petroli ya kutosha inakupa nguvu nyingi, na mlango wa hiyo hewa uko kwenye silinda hedi, kwa hiyo ukizipanua zile njia na kuzilainisha umemaliza mchezo. Wenzetu huko Japani na Marekani hedi wanaifunga kwenye mashine inayopima hewa inavyopita, wanachonga kidogo, wanapima, wanachonga tena, wanapima. Mimi yangu nikaipeleka Ilala.

"Bosi wangu, hiyo kazi ndogo. Gari utaitafuta hutaiona." (Hapo hakudanganya, tutafika.)

Nikamuuliza anapimaje. Akaingiza kidole cha shahada kwenye njia ya valvu, akakizungusha taratibu macho kafumba kama mtu anayeonja mchuzi, akakitoa. "Bado kidogo." Akawasha kigrenda.

Kuna kipande cha video nilikirusha mbele kwa sababu jamaa alikuwa anaongea sana, kumbe ndo hapo alikuwa anasema kwamba ukuta wa ile njia ni mwembamba na nyuma yake yanapita maji ya kupoozea injini. Siku ya tatu kigrenda kikakata sauti ghafla, fundi akanyamaza, dogo wake akanyamaza, halafu nikatumwa soda. Wallahi mimi mwenye gari natumwa soda na nikaenda. Kurudi nakuta kwenye njia moja kuna kitu cha kijivu kimepakwa, kimesawazishwa vizuri na msasa.

"Fundi, hiyo nini?"

"Hiyo ya kuimarishia, bosi."

Nikatikisa kichwa kama vile najua.

Gari likafungwa, likawaka, mlio mtamu. Tatizo njia ikiwa pana kupita kiasi, huko chini hewa inapoteza kasi, injini inakuwa nzito kama imeamshwa na polisi. Yaani nguvu nilizolipia zinaanzia mzunguko wa elfu tano kwenda juu, na Dar hii barabara ya elfu tano iko wapi, sisi tuna ya elfu moja na mia mbili, huku konda anakupigia bodi usogee.

Jumamosi mke wangu akaniambia, baba Nasra, mpeleke mama kwenye kichenpati Masaki. Mama mkwe akaingia nyuma, kilemba mpaka kwenye dari, buti ina seti ya sufuria. Tukaenda vizuri mpaka tukapita hospitali ya Aga Khan, tukapanda daraja la Tanzanite. Mbele kweupe, kilomita nzima juu ya bahari. Shetani akaniambia leo mama mkwe ajue binti yake hakukosea kuchagua. Nikarudisha gia ya tatu nikakanyaga, sindano ikapita elfu sita, na kwa sekunde kama nne hivi, nne tu jamani, lile gari lilikuwa ndege.

Halafu ile ya kuimarishia ikaachia.

Kwenye kioo cha nyuma nikawa naona kilemba na weupe, basi. Daraja limepotea, bahari imepotea. Watu waliokuja kupiga picha wanajifunika pua na madera, kuna mtoto anashangilia "dawa ya mbu! dawa ya mbu!"

"Mkwe," mama akasema kwa upole, "mbona gari lako linanukia kashata?"

Ilikuwa kulanti, yale maji ya kupoozea injini, inaungua. Nikamwambia ni mvuke tu mama, injini inapumua. Nikamfikisha hivyo hivyo, nikazima, nikamsubiri masaa matatu kwenye kivuli nikijipongeza kwamba gari limeshapoa. Muda wote huo maji yanadondoka tone tone kutoka kwenye lile tundu, yanapita kwenye valvu iliyobaki wazi, yanajaa juu ya pistoni. Na maji hayashindiliki kama hewa. Mama katoka, kabeba pilau, kakaa, kafunga mkanda, nikazungusha ufunguo.

KO.

Mara moja tu, kama nyundo kwenye chungu. Konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, imepinda. Nikavuta stiki ya oili, imetoka rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameshachanganyika na oili.

Nikampigia fundi. Akasikiliza yote, akavuta pumzi. "Bosi, kwani ulikanyaga?"

"Fundi, si ndo nimekulipa ili nikanyage?"

"Ah, ungeizoesha kwanza."

Mama mkwe alirudi na bajaji, mimi na brekidauni. Nimenunua nusu injini Shauri Moyo, ina hedi yake ya Mjapani na sijaigusa hata kwa kitambaa. Dogo wa Subaru bado anapiga honi mbili, siku hizi namjibu kwa indiketa.

Juzi mke wangu kaniwekea voisi ya mama yake, kwa sauti kubwa, watoto wakiwa wanakula: "Mwambie mkwe wangu Jumamosi kuna shughuli Mbagala, ila asihangaike, nimeshaongea na yule kijana wa bajaji. Anaendesha vizuri sana, na halinukii chochote."