Maore: si kura peke yake iliyowagawa Wakomoro

Umoja wa Mataifa ulipoipokea Komoro Novemba 1975, uliipokea kama nchi ya visiwa vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Kwa sheria ya Ufaransa, Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte, ni mkoa wa 101 wa Jamhuri yao. Baina ya Nzwani na Maore pana kilomita kama 70 tu za bahari. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya 2012 ilikadiria kuwa watu kati ya 7,000 na 10,000 walikufa wakijaribu kuivuka tangu 1995. Nitaurudia mwaka huo wa 1995.

Hoja ya Moroni, mji mkuu wa Komoro, ni nzito. Komoro ilitawaliwa kama koloni moja, na desturi ya kuondoa ukoloni ni kwamba koloni huwa huru kwa mipaka yake yote. Oktoba 1974 Rais Giscard d'Estaing wa Ufaransa mwenyewe alisema hadharani kuwa visiwa hivyo ni kitu kimoja na hatima yao ni moja. Mwezi uliofuata bunge lake likapitisha sheria ya kura ya maoni, na ndani yake neno moja likageuzwa: badala ya kuulizwa "watu" wa Komoro kwa umoja wao, wataulizwa kama jamii mbalimbali. Mwanya ukapatikana wa kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Kura ikapigwa tarehe 22 Desemba 1974. Kwa jumla kama asilimia 95 walitaka uhuru, lakini Maore karibu theluthi mbili walikataa. Ahmed Abdallah alipotangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, Ufaransa ikabaki na Maore, na Februari 1976 ikatumia kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama kulizuia azimio lililoitaka isifanye kura nyingine huko Maore.

Hapa wengi wetu tuliokulia kwenye siasa za Umajumui hufunga kesi. MOLINACO, chama cha ukombozi wa Komoro, kilizaliwa Dar es Salaam, kwa hiyo upande wa Moroni tumeusikia miaka mingi. Upande wa Maore hatukuusikiliza, nasi tulikosea.

Maore iliingia mikononi mwa Ufaransa mwaka 1841, pale Sultani Andriantsoly, mtu wa asili ya Bukini (Madagaska) aliyezungukwa na maadui, alipoikabidhi kwa mkataba. Visiwa vingine vilifuata miaka zaidi ya 40 baadaye. Kumbukumbu ya Wamaore ni ya kisiwa kidogo kilichovamiwa mara kwa mara na watawala wa Nzwani. Kisha makao makuu ya utawala yakahamishwa kutoka Dzaoudzi, Maore, kwenda Moroni, Ngazija, uamuzi uliofanywa 1958, na kazi na fedha zikaondoka nayo. Waliosimama kupinga walikuwa wanawake wakiongozwa na Zéna M'Déré. Walikuwa wakiwazingira viongozi waliotoka Moroni na kuwatekenya mpaka watimke. Kuwaita wanawake hawa vibaraka ni kuwadharau. Walijua wanachokikataa.

Na yaliyofuata Moroni yaliwapa hoja zaidi. Mwezi mmoja tu baada ya uhuru Abdallah akapinduliwa. Lakini ukweli uko pande zote: aliyeshiriki mapinduzi hayo, kisha akarudi 1978 kumpindua Rais Ali Soilih, alikuwa Mfaransa, mamluki Bob Denard, na kwa muongo mzima watu wake walikishika kikosi cha walinzi wa rais. Nchi ikayumbishwa, kisha kuyumba kwake kukatolewa kama ushahidi kwamba uhuru haufai. Hata hivyo siwezi kuubebesha mzigo wote mkono wa Paris. Mwaka 1997 Nzwani yenyewe ilijitenga na ikaomba kurudi chini ya Ufaransa, iliyokataa. Watumishi wa serikali huko walikuwa wamekaa miezi bila mishahara, na hilo lilikuwa deni la Moroni. Ilichukua majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwemo wanajeshi wa Tanzania, kumng'oa Kanali Mohamed Bacar, mtawala wa Nzwani, Machi 2008. Alikimbilia wapi? Maore.

Turudi 1995. Kwa miaka 20 baada ya uhuru, bendera zilikuwa mbili lakini njia ilikuwa wazi. Mtu wa Nzwani alikwenda Maore kuuza ndizi, kuoa, kuzika, akarudi. Januari 1995 serikali ya Édouard Balladur, waziri mkuu wa Ufaransa, ikaweka viza. Ndipo kwasa kwasa, mashua za wavuvi, zikaanza kubeba wajawazito na wagonjwa usiku. Ndipo aliyekwenda akaogopa kurudi, kwa sababu kurudi ni kuanza safari upya. Kwa maoni yangu viza hiyo imefanya madhara makubwa kuliko kura ya 1974: kura iligawa mamlaka, viza imegawa ndugu.

Wamaore nao wamelipa. Asilimia 95 ya waliopiga kura walikubali kisiwa kiwe mkoa wa Ufaransa mwaka 2009, na mwaka uliofuata makadhi wakavuliwa kazi ya kuhukumu. Takwimu rasmi za 2018 ziliwaweka wakazi 77 kati ya kila 100 chini ya mstari wa umaskini wa Ufaransa. Uraia wa kuzaliwa umebanwa kwao kuliko Ufaransa bara, 2018 na tena 2025. Kimbunga Chido kilipopiga tarehe 14 Desemba 2024, vitongoji vya mabati vilifagiliwa.

Najua Wamaore wengi leo wangepinga viza kuondolewa. Karibu nusu ya wakazi ni wageni, shule zinafundisha kwa zamu, na hospitali ya Mamoudzou huzalisha akina mama wengi kuliko hospitali nyingi za Ufaransa nzima. Hofu hiyo si ya kubuni. Lakini kibali cha mgonjwa, cha mfanyabiashara mdogo, cha mtu anayekwenda kumzika mama yake, hakihitaji Moroni kuacha dai lake wala Paris kushusha bendera. Wamaore waliulizwa 1974, 1976 na 2009. Kuhusu viza hakuulizwa mtu, si wa Maore wala wa Nzwani. Iliwekwa kwa amri ya serikali, na amri ya serikali inatosha kuilegeza.