Namba iliyokwanguliwa: miaka 5 Marekani, mvua 20 Mbeya

Watu wa Mbeya na Iringa wakisikia bunduki zinauzwa dukani Marekani, hudhani huko silaha ni holela. Wanaohamia huku Marekani na fikra hiyo ndio wanaoumia. Marekani itakuachia ununue bunduki, lakini haikuachii uikwangue namba yake ya utambulisho, wala ukae nayo ukijua imekwanguliwa. Kifungu cha 922(k) cha sheria ya shirikisho kinafika miaka 5 jela, na faini hadi dola 250,000. Majimbo nayo yana ya kwao: Virginia ni hadi miezi 12, New York ni hadi miaka 7 ikiwa namba ilifutwa ili kuficha uhalifu.

Namba inayohesabika kisheria ni ya fremu (kiunzi kinachobeba mtambo wa kufyatulia), si ya mtutu. Kanuni inataka ichimbwe kina cha inchi 0.003 au zaidi, yaani kama unene wa unywele, na herufi zisipungue inchi 1/16. Anayepitisha tupa hapo anaona amemaliza kazi. Kumbe namba ilipogongwa, chuma cha chini yake nacho kilishindiliwa; maabara wakipaka kemikali, mara nyingi tarakimu zinarudi.

Kwa mgeni, jela si mwisho. Hukumu ya kosa la silaha inatosha kukurudisha kwenu hata kama una grini kadi. Mwenye viza ya masomo kwa kawaida haruhusiwi kugusa bunduki kabisa (mwenye leseni ya uwindaji ana nafuu yake), na hapo kifungo kinafika miaka 15. Kwa hiyo bastola ya bei chee ya mtaani, tazama fremu kabla ya bei. Ukigundua namba imechezewa ukiwa tayari unayo, usichonge nyingine, usimrudishie aliyekuuzia, usiibebe mwenyewe kwenda kituoni. Mwanasheria kwanza.

Sasa kuna jambo linalonikera. Marekani bunduki nyingi za kabla ya 1968 hazikuwahi kuwa na namba, na si kosa. Hata aliyejitengenezea ya kwake nyumbani, sheria ya shirikisho haimdai namba, ingawa California na majimbo mengine wamebana. Mchukue basi mzee wa Chunya au Mbarali mwenye gobole la kufukuzia nguruwe pori shambani. Gobole halina namba tangu lilipotoka kwa fundi. Akikamatwa bila leseni, anashtakiwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ikisomwa pamoja na ya Uhujumu Uchumi, na mvua ni 20 hadi 30. Jambazi mwenye SMG iliyokwanguliwa namba naye anapimiwa kwa kipimo hicho hicho.

Swali la nyumbani, "leseni iko wapi?", naliona bora kuliko la Marekani, "namba imefutwa?" Adhabu ndiyo isiyochagua. Kima cha chini cha miaka 20 kingebaki kwa anayefuta namba, maana huyo ana la kuficha. Mwenye gobole apewe kosa lake dogo. Isitoshe, kesi za magobole zinaanguka kirahisi. Kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) kikikosekana, hakuna kesi. Hati ya ukamataji ikiandikwa "gobole moja" basi, bila urefu, bila alama ya askari, bila saini ya shahidi huru, wakili anasimama na kuuliza: mnajuaje ni hili hili? Kwa silaha yenye namba, swali hilo lina jibu la mstari mmoja.

La mwisho ni shotigani za wazee, zile halali zilizobaki kabatini Mufindi na Njombe. Leseni ni ya mtu, haihami na urithi. Mzee akifariki, msisubiri arobaini: toeni taarifa polisi, ipelekwe ikiwa haina risasi pamoja na kitabu chake cha leseni, na msiondoke kituoni bila hati ya makabidhiano yenye namba ile ile iliyo kwenye chuma. Isomeni kwa macho yenu, msinakili ya kitabuni.