Kifungo cha nje nacho kinasomewa

Ukizungumza na vijana wa Moshi au Arusha wanaotaka kwenda chuo kusomea haki jinai, utagundua wengi wamevutwa na kitu kimoja: kuchora wasifu wa mhalifu. Mtaalamu anafika eneo la tukio, anatazama mlango ulivyovunjwa, kisha anatamka kwamba anayetafutwa ni mwanamume wa miaka thelathini, hana mke, anaishi jirani na reli. Kazi ya ofisa uangalizi, yule anayemsimamia mtu aliyehukumiwa kifungo cha nje, haimo kwenye ndoto za mtu. Wazazi nao wanauliza kama ada yote hiyo inalipwa ili mtoto akasimamie watu wanaofagia uwanja wa hospitali.

Mvuto huo una sababu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Canter, aliwasaidia polisi kumfikia John Duffy, mbakaji na muuaji aliyekuwa akivizia wanawake karibu na vituo vya treni London. Canter aliyapanga matukio kwenye ramani na kukadiria mtu huyo anaishi wapi. Hiyo ni kazi ya kisayansi, na mpelelezi anayefundwa pale Shule ya Polisi Moshi hapotezi kitu akiijua.

Ila nchi hiyo hiyo ina kisa kingine. Rachel Nickell aliuawa mwaka 1992 katika bustani ya Wimbledon Common. Polisi walimng'ang'ania Colin Stagg kwa kuwa alionekana kufanana na wasifu waliochorewa, wakamtegea askari wa kike ajifanye kumpenda ili akiri. Mwaka 1994 jaji aliutupa ushahidi huo na kesi ikafa. Muuaji alikuwa Robert Napper, aliyekuja kukiri mwaka 2008, na katika muda ambao macho yote yalikuwa kwa Stagg, alishaua mama mwingine na mtoto wake.

Tena mbinu hii hufaa zaidi pale mtu asiyejulikana anaporudia uhalifu mara kadhaa. Mahakama zetu za mwanzo zinashughulika na mikungu ya ndizi iliyokatwa usiku, gongo, ngumi zilizorushwa baada ya mbege, yaani pombe ya ndizi, na ndugu waliogombania mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Mara nyingi mhusika anajulikana kabla hata polisi hawajapigiwa simu. Kigumu ni kuamua afanywe nini.

Hapo ndipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inapoingia. Kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, mahakama inaweza kumwamuru mtu afanye kazi za umma bila malipo badala ya kwenda gerezani. Msomaji anayefuatilia ripoti ya tume ya haki jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ya mwaka 2023 hahitaji kukumbushwa hali ya magereza, kwa hiyo nitabaki na hesabu moja. Mtu amefungwa miezi sita. Sheria ya Magereza inampunguzia theluthi, inabaki minne. Katika miezi minne kwenye Gereza la Karanga, Moshi, atajifunza nini? Kutengeneza viatu, kazi iliyolipatia gereza hilo sifa, hakushikwi kwa muda huo. Lakini muda huo unatosha kabisa apoteze kibarua, msimu wa kahawa umpite, na alale chumba kimoja na majambazi wazoefu. Anarudi mtaani kwake, Pasua ya Moshi au Unga Limited ya Arusha, akiwa na marafiki wapya. Na sisi walipa kodi tumemlisha.

Ofisa uangalizi anatakiwa kulizuia hilo, na silaha yake kubwa ni taarifa anayomwandikia hakimu kabla ya hukumu. Ili aiandike lazima apande vijiji vya mlimani kama Kibosho au Machame, amwone mwenyekiti wa kitongoji, akae na mama wa mshitakiwa, kisha aende kwa aliyeibiwa, ambako mapokezi huwa ya baridi. Anauliza nani anamtegemea kijana huyu, anakunywa kiasi gani, alishawahi kulipa deni. Jibu la mwenyekiti alipime, maana pengine ni mjomba wake. Huko nako ni kumsoma mhalifu, ila unamsoma akiwa ameketi mbele yako na anaweza kukujibu.

Wanaopinga wana hoja mbili ninazoziheshimu. Aliyeibiwa ndizi anapokutana na mwizi wake barabarani siku ya pili ya hukumu, ukimwambia haki imetendeka anakuona mwongo. Pia taarifa inaweza kununuliwa: ukoo wenye watu na fedha utapata ofisa wa kuuandikia mazuri, na maskini wa ukoo mdogo ataingia ndani. Ya kwanza inapungua makali pale aliyekosewa anaposikilizwa na fidia ikaamriwa. Ya pili ni nzito zaidi, na sioni dawa yake nje ya mafunzo mazuri, usimamizi, na hakimu anayemhoji ofisa badala ya kugonga muhuri tu.

Kazi hii, kwa njia, haikuanzishwa na msomi. John Augustus alikuwa fundi viatu wa Boston. Mwaka 1841 alimdhamini mlevi mmoja mahakamani, na mpaka anafariki mwaka 1859 alikuwa amedhamini karibu watu 2,000. Hilo lisichukuliwe kwamba yeyote anaiweza. Augustus alikuwa akichagua kwa makini nani wa kumdhamini, na uchaguzi huo ndio unaohitaji darasa.

Kwa hiyo ningependa vyuo vinavyofundisha haki jinai visiifanye huduma ya uangalizi kuwa mada ya wiki ya mwisho. Wanafunzi wa Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru wanafundishwa kukaa na wanakijiji na kuwasikiliza. Wakiongezewa sheria ya ushahidi na adhabu, wataandika taarifa ambazo hakimu anaweza kuziamini. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira wanahitaji kinyume chake: wapelekwe kitongojini wakamsikilize aliyeibiwa ndizi, wakiwa bado hawajavaa joho.