Msimlaumu Mwanamume, Tazameni Maskani Yake

Kila ikikaribia Disemba 1, Siku ya Ukimwi Duniani, tunaletewa hotuba ile ile: mwanamume mwenye virusi vya Ukimwi ni mkaidi, hataki kondomu, aelimishwe. Aelimishwe nini tena? Mengi anayajua. Kinachomshinda ni watu.

Lamu hii muuza dawa ni binamu wa mkeo. Kumwitisha kondomu mbele ya wateja ni kupiga mbiu ya mgambo. Na mume akiitoa chumbani, swali la kwanza halihusu virusi: "Kwani una nani huko nje?" Ambaye hajamwambia mkewe hali yake atajibu nini? Anairudisha mfukoni. Maskani nako, muguka wa kutafuna ukikolea, anayesema anavaa anaitwa mwoga.

Lakini penye balaa zaidi ni dago. Wavuvi wanakaa kambini wiki nzima, wakati mwingine mwezi, wanalala sako kwa bako, na mkoba wa mmoja ni wa wote. Chupa ya ARV, dawa za kudhibiti virusi, ikitikisika inalia, kila mtu anaijua ile sauti. Basi anayeficha anaiacha nyumbani. Dawa zikikatika, virusi vinapanda tena ndani ya wiki chache, kisha bwana anarudi kwa mkewe akiwa na samaki, pesa na hamu. Hapo ndipo hatari ilipo, na wala hakukosa elimu. Alikosa pahali pa kumezea kidonge.

Wenye uzoefu wanatia pamba chupani isilie. Wanaomba dawa za miezi mitatu kabla ya kusafiri, na kliniki inawapa wale ambao hali yao imetulia. Wanachagua saa ya kumeza ambayo wenzao wako kwenye nyavu. Ujanja huo wameufundishana wao kwa wao. Hauko kwenye bango lolote.

Haya, wazembe wapo, sikatai. Wapo pia wanaopaka mafuta ya nazi juu ya kondomu halafu wanalalamika imepasuka. Mafuta yanaila mpira, jamani, na Vaseline vile vile! Tumieni vilainishi vya maji.

Lingine linalonichoma: kwa nini habari njema inanong'onwa? Utafiti wa PARTNER kule Ulaya, uliotoa matokeo 2016 na 2019, uliwafuata wenzi waliokuwa wakijamiiana bila kondomu, mmoja ana virusi lakini anameza ARV na kiwango cha virusi kiko chini ya nakala 200 kwa mililita ya damu. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenziwe huyo. Kaswende na kisonono ni habari nyingine, hizo dawa hazizizuii. Na mke ambaye kiwango cha virusi cha mumewe bado hakijashuka ana haki ya kupewa PrEP, dawa ya kumkinga asiye na virusi.

Kwa hiyo wanaopanga semina hotelini, wakiandaa chai na sambusa, waanze na nahodha. Yeye akisema mbele ya mabaharia, "Anayemeza dawa ameze, asiulizwe," chupa zitapanda mashua.