Rover kuukuu hununuliwa kwa mifupa yake

Kila Jumapili jioni hupitia matangazo ya magari ya zamani yanayouzwa hapa Uingereza yakingoja wa kuyafufua. Jaguar Mark 2 iliyolala bandani miaka na miaka. Triumph 2000 isiyo na siti. Rover nazo ni nyingi, majani yameota mpaka usawa wa vioo. Utaonyeshwa picha tano za usukani na nembo, na hata moja ya uvunguni hakuna. Hilo linaniudhi, kwa sababu fedha ya mnunuzi huliwa huko huko uvunguni.

Nitasema juu ya Rover P6, gari ninalolijua kwa mikono yangu. Lilianza kutoka mwaka 1963, likiundwa Solihull, na katika tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Ulaya ndilo lililoshinda mara ya kwanza kabisa, 1964. Waliolibuni walikuwa na ujasiri. Ndani kuna kiunzi cha chuma kilichochomelewa, na hicho ndicho kinachobeba injini, milango na abiria. Bodi unayoiona nje, madgadi, milango, hata paa, imefungwa juu ya kiunzi kwa bolti. Boneti na buti ni alumini. Springi za mbele zimelazwa badala ya kusimama, kwa kuwa Rover walitaka nafasi pana ya injini ya tabaini, jamii ya injini za ndege, ambayo mwaka 1961 walikuwa wameshaifunga kwenye gari la majaribio, T4. Tabaini haikufika sokoni. Ila V8, injini ya silinda nane, ya lita 3.5, ambayo Rover waliinunua usanifu wake kutoka Marekani, ilipotiwa humo mwaka 1968, ilikuta chumba kinaisubiri.

Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na sijui gari linalostahili maneno hayo kama P6. Mtu anaweza kufungua madgadi, akayapiga rangi chini, akayarudisha yanameremeta, na kiunzi ndani kimegeuka unga.

Ndivyo nilivyonunua Rover yangu ya kwanza, 3500 nyeupe, yaani P6 yenye V8 hiyo. Injini iliwaka kwa ufunguo mmoja, na ule mngurumo ulinimaliza. Nikalipa. Siku ya tatu nikaing'oa siti ya nyuma nisafishe zulia. Pembeni kabisa, mahali siti inapokutana na tao la gurudumu, bati lilikuwa limevimba kama andazi. Nikaligusa kwa bisibisi, wala sikusukuma. Ikaingia mpaka kwenye mpini, na nilipoitoa yakafuata magamba mekundu, kisha nikaona mwanga wa sakafu ya gereji.

Nikampigia mjomba wangu Tanga, fundi bodi wa siku nyingi, aliyenyoosha Morris na Cortina za watu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kabla hujalipa uliligonga?"

"Niligonge nini, mjomba?"

"Bati! Gonga, sikiliza. Zima linalia. Bovu linanyamaza."

Basi msimamo wangu ni huu: injini iliyokwama isikutishe. Injini hutolewa, hufunguliwa, hupata pistoni na mabeari mapya, au huwekwa nyingine. V8 ile ile ilifungwa pia kwenye Range Rover tangu 1970, kwa hiyo spea zake hazijawa dhahabu. Siti iliyochanika inashonwa. Breki za nyuma zitakutoa jasho, kwa sababu diski zake zimekaa huko katikati, zimebanana na difu, ile gia ya kugeuza magurudumu ya nyuma, na difu likivuja oili inazipaka. Lakini hata hiyo ni kazi ya spana na subira. Kiunzi ndicho kingine kabisa. Ukikata kizingiti chini ya mlango bila kulishikilia gari sawasawa, linalegea, na milango haitafunga tena vizuri. Hapo unalipia wiki za mchomeleaji, tena mchomeleaji hodari, na bili yake huipita bei ya gari lenyewe.

Gari lililofunguliwa likatiwa kwenye maboksi silisogelei kabisa. Muuzaji atakuambia vyote vimo. Aliyefungua ndiye aliyejua bolti ipi ilitoka wapi, naye mara nyingi ameshachoka au ameshafariki.

Kuna jambo lingine linaniumiza. P6 ya kawaida, 2000 yenye silinda nne, inachinjwa ili 3500 ipone. Watu wanataka ngurumo. Lakini ile 2000 ndiyo iliyoshinda tuzo, pua yake ni nyepesi, na kwenye kona inakaa barabarani vizuri mno. Nikiona kiunzi kizima cha 2000 kinakatwa vipande kwa sababu tu hakina V8, nasikia uchungu kweli.

Tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 hapa, kama halijabadilishwa sana, halilazimiki kupita ukaguzi wa kila mwaka. Wengi walifurahi. Mimi nadhani ni ruhusa ya hatari kwa gari ambalo kutu yake imejificha, na yangu naipeleka kila mwaka kwa hiari.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuona 2000 ya mwaka 1971. Rangi ya kahawia imefifia, kioo kimoja hakipo, injini haizunguki hata kwa spana ndefu. Nilimwomba mwenyewe ruhusa ya kunyanyua siti ya nyuma. Vumbi, kalamu, sarafu mbili, bati kavu. Nikagonga kona zote nne, kisha vizingiti vyote viwili, simu ikiwa wazi mjomba asikie.

"Chukua," akasema.

Trela nimeshakodi.